Muuguzi Mtulivu wa Mwaka

Nilipata tuzo ya utulivu kwa sababu nilikuwa nimelala wima. Napenda kulisema hili mapema, kabla watu hawajaanza kunivisha kilemba cha ukoka.

Hospitali yetu ilipata mradi. Mradi ulikuja na mabango, fulana na mkufunzi mmoja kijana mwenye sauti laini, kama mtu anayembembeleza mtoto wa jirani. Kazi yake ilikuwa kutupunguzia wauguzi msongo wa kazi. Hakuna aliyetuuliza msongo wenyewe unatoka wapi. Nadhani waliogopa tungewajibu. Tungesema unatoka kwenye wodi ya wanaume iliyojaa vitanda, na katikati ya vitanda magodoro, na katikati ya magodoro wauguzi wawili, na juu ya yote hayo simu ya ofisini inayolia kuuliza kwa nini mashuka hayakunyooshwa. Badala ya kuulizwa, tukaitwa ukumbini siku zetu za mapumziko tufundishwe kupumua.

"Fumbeni macho," mkufunzi akatuambia. "Vuteni pumzi. Shikilieni. Sasa achieni, pamoja na yote yanayowaelemea."

Tukafumba. Alipotuambia tufumbue hakufumbua mtu, ukumbi mzima ulikuwa unakoroma. Nasikia aliandika kwenye ripoti yake kwamba mbinu ile imefanikiwa kuliko alivyotarajia.

Baada ya hapo akaanza kupita wodini kutafuta muuguzi wa mfano. Kwangu alifika siku ambayo sina hamu ya kuikumbuka. Nilikuwa nimeingia chumba cha dawa kuchukua kitu, nikafika, nikasahau ni kitu gani. Nikasimama naukodolea ukuta macho ili nikumbuke, na macho yakanisaliti. Mkufunzi alipofungua mlango alinikuta nimeyafumba, mikono inaning'inia, uso umelainika. Akaniita, sikuitika. Akaurudisha mlango polepole kwa heshima zote, akaenda kuwaambia wakubwa kwamba amempata mtu aliyefika kileleni.

Wenzangu walikuwa wakiniita Barafu zamani kabla ya mradi. Mgonjwa akinitukana nasema pole. Daktari akinikaripia kwa kosa la maabara nasema sawa. Ndugu wa mgonjwa wakinizunguka, kila mmoja na swali lake, nawajibu mmoja mmoja kwa sauti ile ile. Hicho ndicho walichokijua. Wasichokijua ni stoo ya mashuka, ambamo kuna mto mmoja nimeupigia kelele kiasi kwamba ungekuwa na masikio ungeomba uhamisho. Nyumbani nasaga meno usingizini. Nikiwa napika, kengele ya baiskeli ikilia barabarani, naacha mwiko ndani ya sufuria na kuuliza nani anaita.

Mwenzangu wa zamu tulimwita Mcheko, kwa kuwa yeye mambo yakimfika shingoni hucheka. Hakuchaguliwa. Mkufunzi alimkuta anacheka peke yake mbele ya kabati tupu la glavu, akasema huyu anahitaji msaada, na msaada haukuja.

Sasa hiyo tuzo. Mshindi angepewa cheti, fulana na likizo ya wiki mbili. Niliposikia hivyo nilitafuta mahali pa kukaa. Likizo ile ilikuwa yangu! Nilikuwa nimeiomba nikaahirishiwa, nikaiomba tena nikaambiwa hali ya watumishi hairuhusu, nikabembeleza nikaambiwa nivute subira. Leo naletewa mali yangu mwenyewe imefungwa utepe, na natakiwa nishukuru mbele za watu. Nikashukuru. Ningefanyaje, na nilikuwa naihitaji kuliko chakula?

Binti yangu, mtoto wangu wa pekee, alikuwa anakaribia kujifungua uzazi wake wa kwanza, katika mji wa jirani anakoishi na mumewe. Nilimwahidi kwamba nitakuwepo. Na ahadi zangu kwake zina historia yake. Siku alipomaliza shule, mzazi aliyempigia makofi alikuwa mama wa rafiki yake. Alipovunjika mkono aliletwa hospitali hii hii, akafungwa plasta chini ya ghorofa niliyokuwa nafanyia kazi, na mimi nikaiona ile plasta jioni, imeshakauka na kuchorwa maua. Siku mchumba wake alipokuja kujitambulisha, nilifika wageni wameshanawa mikono. Hajawahi kunilaumu, na hilo ndilo linaloniuma. Ila safari hii aliniambia kwenye simu, kwa sauti ya utani ambao haukuwa utani, "Mama, na hili ukilikosa, nitamwambia mwanangu bibi yake ni Matroni."

Matroni ndiye mkuu wa wauguzi wote pale kwetu. Chuoni tulilala kitanda kimoja cha ghorofa, yeye juu mimi chini, na tangu hapo maisha yameendelea kwa mpango huo huo. Si mtu mbaya. Kwa kweli alikuwa muuguzi hodari, mpaka walipompa ofisi yenye feni.

Lazima nieleze na jambo moja la kazi yetu, maana bila hilo mtadhani mimi ni mkorofi. Kwetu zamu haimalizwi na saa. Anayetoka humtembeza anayeingia kitanda kwa kitanda, akimweleza huyu ana nini na yule kapewa nini, na wakifika mwisho anayeingia hutamka neno moja: "Nimepokea." Likishatamkwa, wodi imehama shingo. Kabla ya hapo, hata mwenzako awe amesimama mbele yako na sare yake, wagonjwa ni wako, na likitokea la kutokea ni lako. Ndiyo maana utamwona muuguzi amefika kazini mapema lakini anapiga chenga: mara atundike mkoba, mara aende msalani, mara aonje chai ya mwenzake, mradi tu asilitamke. Urafiki umevunjika kwa ajili ya neno hilo. Na ni Matroni mwenyewe aliyelitolea waraka: muuguzi atakayeondoka bila kuambiwa nimepokea na muuguzi mwenzake, ahesabiwe ametoroka.

Asubuhi ya sherehe mkwe wangu alinipigia nikiwa ndiyo kwanza nafunga vifungo vya sare.

"Mama, shikamoo. Uchungu umeanza. Tumeshafika hospitali, na anakuulizia."

"Mwambie nakuja. Nakwenda kupokea cheti, nikitoka hapo ni kituo cha basi moja kwa moja."

Na kweli mpango ulikuwa huo. Mkoba wangu ulikuwa tayari chini ya meza. Wodi nilikuwa nimeshaipokea kwa mtu wa usiku; Mcheko angeipokea kwangu, mimi ningeteremka ukumbini, ningetabasamu panapotakiwa, ningechukua barua yangu ya likizo na kutoweka. Tulikuwa tumefika kitanda cha katikati tunakabidhiana pale simu ya ofisini ilipolia.

"Barafu mpenzi," akasema Matroni, "hebu mteremshe Mcheko haraka. Kwaya imepungukiwa na sauti."

"Kwaya gani tena?"

"Ya wauguzi. Kuna wimbo wa utulivu. Na wageni wasikute viti vitupu, kila wodi ibaki na mtu mmoja tu."

"Na mimi ndiye ninayepewa tuzo, Matroni. Na binti yangu ameshikwa na uchungu."

"Hongera! Usiwe na wasiwasi basi, nitakutumia mtu akupokee. Wewe si Barafu?"

Mcheko alinitazama, akaanza kucheka. Alishuka ngazi akicheka, machozi yanamtoka, na sauti yake niliisikia mpaka ilipomezwa na vipaza sauti vya ukumbini.

Nikabaki na wodi. Kitanda cha mlangoni alilala mzee mmoja, karani mstaafu wa mahakama, mwenye kisukari na tabia ya kufuatilia kila kitu kana kwamba wodi ni kesi yake. Huyo alitaka kujua kwa nini sindano yake imechelewa na nani atawajibika. Kitanda cha pili yake kijana alikuwa amejing'oa dripu akiota ndoto. Upande wa dirishani mtu anatapika. Nikapiga simu ofisini, ikaita mpaka ikachoka. Nikamwomba mfagizi anishikie beseni, akasema na yeye ameitwa kuongeza watu.

Ukumbi ulikuwa chini tu ya madirisha yetu, kwa hiyo sherehe yangu niliisikia yote. Nilisikia hotuba ya kwanza, iliyosema muuguzi ni mshumaa. Nilisikia hotuba ya pili, iliyosema mshumaa usikubali kuungua. Nikasikia kwaya, na ndani ya kwaya sauti moja inayocheka. Kisha mshereheshaji akapaza sauti mpaka vioo vikatetemeka.

"Na sasa mtu mliyekuwa mkimsubiri! Muuguzi mtulivu kuliko wote! Apite mbele!"

Makofi yakarindima. Wakati huo nimepiga magoti nimemshika mgonjwa kichwa asijitapikie.

"Apite mbele tafadhali!"

Makofi tena, lakini haya yalikuwa ya kuvutavuta. Halafu kimya. Halafu nikamsikia mkufunzi kwa sauti yake ile laini: "Ndugu wageni, mnaona wenyewe. Huyu ni mtu asiyejua haraka."

"Sista," akaita mzee wa mlangoni, "si wewe huyo unayeitwa?"

"Ndimi, mzee wangu."

"Nenda basi."

"Nikienda atabaki nani?"

Mzee akageuza kichwa upande huu na upande ule, akaikagua wodi nzima. "Hakuna," akasema, kama anayesoma hukumu.

Simu ikatetemeka mfukoni. Mkwe wangu hakusalimia safari hii. "Mama, wanasema njia inafunguka upesi. Analia. Anasema umeahidi." Nikamwambia nipo njiani. Nilimwambia hivyo huku nafuta matapishi. Sijui kama nimewahi kumchukia mtu kama nilivyokichukia kile kipaza sauti. Nilitaka kwenda kwenye mto wangu stoo, lakini hata nafasi ya kupiga kelele sikuwa nayo.

Ndipo wakaja. Mgeni rasmi, mama mmoja mnene mwenye uso mkunjufu, alikuwa amesema kama mshindi hateremki basi wao watapanda, wamwone katika mazingira yake. Wakaingia wodini: yeye, Matroni aliyevaa sare mpya yenye mikunjo ya pasi, mkufunzi na cheti, mpiga picha na begi lake. Matroni alikuwa anatabasamu kwa midomo na kunikata kwa macho.

"Hongera sana mama!" akasema mgeni rasmi. "Na ulikuwa unafanya nini muda wote huo?"

Nikamtazama Matroni. Nikaitazama sare yake. Akilini mwangu kukawa kimya kabisa, na nadhani huo ndio ulikuwa utulivu wangu wa kwanza na wa mwisho katika mradi ule wote. Mtu niliyeahidiwa alikuwa amefika. Alikuwa muuguzi, leseni anayo, na ahadi aliitoa yeye mwenyewe kwamba nitatumiwa wa kunipokea.

"Nilikuwa nakusubiri wewe, Matroni," nikasema. "Karibu. Tuanzie hapa mlangoni. Mzee wetu huyu ana kisukari, sindano ya asubuhi kapata kwa kuchelewa na kanishtaki tayari."

"Barafu, si sasa," akanong'ona.

"Kumbe mnakabidhiana hivi!" mgeni rasmi akashangilia. "Mpiga picha, usikose hii."

Basi tukatembea. Nilikwenda kitanda kwa kitanda bila kuruka hata kimoja, na godoro kwa godoro, na Matroni akanifuata kwa sababu kamera ilikuwa inamfuata yeye. Huyu kajing'oa dripu, aangaliwe mkono usivimbe. Huyu anatapika, beseni lake liko hapa, daktari ameitwa mara mbili. Huyu halali, ukimpita msemeshe, anaogopa. Mgeni rasmi alikuwa anatikisa kichwa kwa kila neno. Mkufunzi alikuwa ameshika cheti kifuani kama ngao. Tulipofika mwisho nikanyamaza, nikasubiri.

"Na mwenzake huwa anajibu nini?" akauliza mgeni rasmi.

Matroni akanyoosha kola yake. "Ah, huwa tu..."

"Anajibu nimepokea!" ikatoka sauti mlangoni. Mzee alikuwa ameketi kitandani, kidole kimeinuliwa. "Asipotamka, makabidhiano ni batili."

Watu wote wakamgeukia Matroni. Mpiga picha akapiga goti moja. Nilimwona Matroni akihesabu njia za kutokea na kukuta zote zimezibwa na wageni wake mwenyewe.

"Nimepokea," akasema, kwa tabasamu zuri sana. Picha hiyo mpaka leo iko kwenye ubao wa matangazo.

Nikachukua cheti kwa mkufunzi, nikachukua barua yangu, nikavuta mkoba chini ya meza. Barua niliisomea ngazini. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, ilisema likizo itachukuliwa kwa kutegemea hali ya watumishi. Nikaikunja nikaitia mfukoni. Hali ya watumishi nilikuwa naijua: walikuwa wote ukumbini wanakunywa soda, isipokuwa mmoja.

"Wewe! Unaniacha kweli?" Matroni alinifuata mpaka juu ya ngazi. Nilimwona uso umembadilika, si hasira tena, ni woga mtupu, ule wa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Nikamhurumia kidogo. Lakini huruma yangu ilikuwa imeshaahidiwa mtu mwingine.

"Dawa za saa sita ziko kwenye trei," nikamwambia. "Na mzee wa mlangoni usimwudhi."

Kwenye basi nililala kabla halijatoka kituoni. Abiria wa pembeni ndiye aliyeniamsha. Aliniambia njia nzima nilikuwa nasema pole, na yeye alikuwa ananijibu nimeshapoa.

Mkwe wangu, fundi umeme mwenye mikono isiyotulia, alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya wodi ya wazazi, anafungua na kufunga zipu ya begi la nguo za mtoto. Aliponiona aliinuka akaonyesha mlango. Nikabisha. Akatoa kichwa mkunga, msichana wa rika la binti yangu, macho mekundu, aproni imeloa.

"Ndugu wanasubiri nje, mama."

"Mwanangu yumo humo."

"Wote wamo humo wana wa watu. Nje, tafadhali." Alishaanza kufunga mlango, macho yake yakashuka mpaka miguuni kwangu. Nilikuwa nimevaa sweta juu ya sare, lakini viatu vyangu vyeupe vya kazi vilikuwa vinajisemea. Mlango ukasimama. "Mama, samahani. Wewe ni wa kazi?"

Nikavuta sweta kuficha sare.

"Sema tu, mama. Niko peke yangu tangu asubuhi. Mwenzangu kaitwa semina."

"Semina ya nini?"

"Ya kupumua."

Niliijua hesabu iliyokuwa mbele yangu, naijua tangu ujana. Nikisema siyo, mimi ni bibi mtarajiwa, nitakaa kwenye benchi na mkwe wangu nikisikiliza zipu, na binti yangu atajifungua bila mimi. Nikisema ndiyo nitaingia, lakini sitaingia kama mama yake. Nilisimama pale na cheti cha utulivu mkobani, na nikapata hamu ya kulia kama mtoto aliyenyang'anywa kitu.

"Ndiyo," nikasema. "Mimi ni wa kazi. Na ukunga nilisoma."

"Mungu wangu, ingia!" Alinipa aproni na glavu kabla sijamaliza kuvua sweta.

Binti yangu alikuwa kitanda cha ukutani, nywele zimemganda usoni. Aliponiona alitoa sauti ambayo sijaisikia tangu alipokuwa anajifunza kutembea. "Mama! Umekuja!" Akanishika kiganja akakibana, na mimi nikamfuta uso, nikamwambia apumue, nikajiona nimekuwa mkufunzi. Hapo nilikuwa na furaha. Naisema wazi kwa sababu haikudumu.

"Usiondoke, mama."

"Siondoki popote."

Kutoka nyuma ya pazia mwanamke mwingine akapiga ukelele, ule ambao aliyesoma ukunga hahitaji kuelezwa maana yake. Mkunga alikuwa ameinama kwa binti yangu, akanyanyua kichwa. "Sista, huyo anakuja sasa hivi, kichwa kimeshaonekana! Wako bado ana muda kidogo. Mshike huyo!"

Angeweza kusema "mama." Alisema "sista," na miguu yangu ikatii kabla yangu. Nikautoa mkono wangu mkononi mwa binti yangu, kidole kimoja kimoja, maana hakutaka kuuachia. Nikapita pazia.

Yule mwanamke sikumjua na hakunijua. Alinishika shingoni kwa mikono miwili akaniita mama. Nyuma yangu, upande wa pili wa kitambaa, binti yangu naye ananiita mama. Nikasema, "Niko hapa," kwa sauti yangu ile ile ya siku zote, na sijui niliyemjibu ni yupi. Baada ya hapo hapakuwa na nafasi ya kujua. Kamba ya kitovu ilikuwa imemzunguka mtoto shingoni. Nikamwambia mama yake asubiri kwanza, asisukume, apumue kidogo kidogo. Nikaipitisha kamba juu ya kichwa chake. Nikamwambia, "Sasa, mwanangu, sukuma! Sukuma, usiogope, sukuma!" Akasukuma, na mvulana mzito akaniteleza mikononi, mweusi wa hasira, akalia.

Na kilio chake kikaitikiwa. Nyuma ya pazia kilitoka kilio kingine, chembamba, kikali. "Msichana!" nikamsikia mkunga anasema. Mjukuu wangu alikuwa amefika duniani hatua mbili kutoka mgongoni kwangu, na mimi nimesimama na mtoto wa watu mikononi, kondo la nyuma halijatoka, damu ya mwanamke nisiyemjua inanichuruzika hadi kwenye viatu. Nisingeweza kugeuka. Angemwagika damu pale. Nikasimama nikamaliza kazi yote, tena vizuri, na kila nilichofanya nilikifanya huku nimeuma meno.

"Mungu akubariki, mama," yule mwanamke akaniambia. "Hukuniacha."

Nilivua glavu, nikanawa, nikaenda. Binti yangu alikuwa ameshafunikwa, mtoto kifuani. Alinitazama bila kusema, na mimi nikakijua kile kimya chake: cha shule, cha plasta, cha mchumba. Nikaanza kujitetea kabla sijashtakiwa.

"Sikuondoka, mwanangu. Nilikuwa hapo tu nyuma ya pazia. Yule mwenzako alikuwa..."

"Najua, mama. Nilikusikia." Sauti yake ilikuwa imechoka, lakini alikuwa anatabasamu. "Nilikuwa nimeshindwa. Nimemwambia mkunga siwezi tena, anichane tu. Ndiyo nikakusikia unaniambia nisubiri kwanza, nipumue. Nikapumua. Halafu ukaniambia mwanangu, sukuma, usiogope. Nikasukuma." Akamfunika mtoto vizuri zaidi. "Nilijua hata ukiwa na mgonjwa, unaniambia mimi."

Sasa hapo ningemwambia nini? Ukweli ni kwamba katika dakika zile sikuwa na binti. Nilikuwa na kamba ya kitovu na kichwa cha mtoto mikononi. Sikumkumbuka hata kidogo, na kama angenyamaza kabisa kule nyuma nisingegundua. Ndivyo tunavyofundishwa, na mimi nimefuzu.

"Ndiyo," nikasema. "Nilikuwa nakwambia wewe."

Akafumba macho, ameridhika. Nikamchukua mjukuu wangu, mwekundu na mdogo na mwenye hasira, nikamweka begani, na Barafu nikalia kwa sauti, bila mto, mpaka mkunga akaja mbio kuona ni mzazi gani aliyezidiwa.